Kuchora picha ya uso na kutumia jicho la mwenzako: hatua kwa hatua

Picha ya kwanza ya uso niliyothubutu kuwaonyesha wachoraji wenzangu ilikuwa ya dada yangu. Watu watatu waliitazama kwa nyakati tofauti, na wote wakasema lilelile: macho hayajakaa sawa. Nikayafuta, nikayachora upya. Nikayafuta tena, nikayachora tena, mpaka karatasi ikaanza kuota manyoya. Nilipofika mara ya nne, mzee mmoja aliyekuwa akichora nasi alichukua penseli yangu, akaipima picha kimyakimya, kisha akaweka kidole juu ya nywele. "Macho hayana neno, mwanangu," akasema. "Umemkata utosi."

Kweli nilikuwa nimemkata. Kutoka kwenye nyusi kwenda juu nilikuwa nimeacha nafasi ya kichwa cha paka. Macho yalionekana yamepanda, kumbe ni fuvu lililoshuka. Wale watatu waliona vizuri kwamba kuna kasoro, ila chanzo chake hawakukijua. Maoni ya wenzako ni kama maneno ya mgonjwa: husema panapouma, lakini ugonjwa wenyewe lazima utafutwe. Kazi hiyo ya kutafuta ni yako, na ili uifanye unahitaji kujua kidogo jinsi uso unavyojengwa. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu ni ya kuchora na nusu ni ya kukosolewa. Moja bila nyingine haifiki mbali.

Hatua ya 1: Vifaa, na visiwe vingi

Penseli tatu zinatosha: HB ya kupanga, 2B ya kuchora, 4B au 6B ya weusi. Herufi H ni ya ugumu na B ni ya weusi. Namba ikipanda upande wa B, penseli inazidi kuwa laini na nyeusi. Ongeza ufutio wa kukanda, ule unaofinyangwa kama donge la unga, kwa sababu huinua rangi taratibu bila kukwaruza karatasi. Karatasi iwe nene kiasi na isiwe ya kuteleza, maana penseli inahitaji mahali pa kushika.

Kifaa ambacho wengi hukidharau ni ubao wa kuegemezea karatasi. Ukichora karatasi ikiwa imelala mezani, unaitazama kwa mshazari, sehemu ya juu ikiwa mbali nawe kuliko ya chini. Mkono unajaribu kulipia tofauti hiyo bila wewe kujua, na ukiisimamisha picha unakuta kichwa kimerefuka kama kibuyu. Egemeza ubao kwenye kiti au kwenye rundo la vitabu, ili macho yako yaitazame karatasi moja kwa moja. Nimeona watu wakipona ugonjwa wa "vichwa virefu" kwa siku moja kwa kufanya hilo tu.

Hatua ya 2: Chagua sura na mwanga

Mtu aliyekaa mbele yako ni mwalimu bora kuliko picha ya simu, lakini huchoka, hucheka na kugeuza shingo. Anza na yeyote anayepatikana. Asipopatikana mtu, kuna mmoja asiyekukimbia kamwe: wewe mwenyewe kwenye kioo. Mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer alijichora hivyo mwaka 1484 akiwa na miaka 13, na Mholanzi Vincent van Gogh alijichora mara nyingi kwa sababu hakuwa na fedha za kulipa watu wa kumkalia. Ukijichora kwenye kioo, jaribu mchezo huu: zungushia uso wako mstari kwenye kioo kwa kalamu ya kufutika. Utashangaa kuona mviringo huo ni nusu tu ya ukubwa wa uso wako, na ukirudi nyuma bado ni nusu. Ni onyo zuri la mapema kwamba ubongo haukuonyeshi kilichopo, bali unachokijua.

Ukitumia picha ya simu, isiwe ile iliyopigwa kwa kunyoosha mkono. Kamera ikikaribia uso, pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma. Simama kama mita mbili, kisha ikuze picha baadaye. Halafu angalia mwanga: taa moja, au dirisha moja, itokee juu kidogo na upande mmoja. Mwanga unaotoka mbele moja kwa moja hufuta vivuli vyote, na bila vivuli hakuna umbo la kuchora. Mmulimuli wa kamera ndio mbaya kuliko yote.

Kama anayechorwa ni mtu mwingine, mwombe ruhusa mapema ikiwa utaionyesha picha kwa watu. Sura ni yake, hata kama penseli ni yako.

Hatua ya 3: Kichwa kwanza, sura baadaye

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anayeanza huanza na jicho. Jicho linavutia, jicho linaongea, kwa hiyo analichora likawa zuri kabisa. Kisha anatafuta pa kuliweka la pili, kisha pua, na mwisho anabana kichwa kulizunguka jumba lote hilo. Nyumba haijengwi kuanzia dirishani. Anza na yai la kichwa kizima kwa mistari myepesi inayoweza kufutika, kuanzia utosini hadi kidevuni, nywele ukiziacha kwanza. Weka mstari wa katikati ya uso unaoshuka kutoka paji hadi kidevu, ukipinda kufuata mgeuko wa kichwa. Kisha weka mstari wa macho.

Mstari huo unakwenda wapi? Kwa mtu mzima anayekutazama moja kwa moja, macho yako karibu kabisa na nusu ya urefu wa kichwa. Watu hawaamini mpaka wapime. Tunadhani yako juu zaidi kwa sababu mambo yote ya kutazamwa, yaani macho, pua na mdomo, yamejazana nusu ya chini, na paji na nywele hatuzijali. Kwa mtoto mdogo macho hushuka chini ya nusu, kwa kuwa fuvu lake limetangulia kukua na taya bado. Ukimchora mtoto kwa vipimo vya mtu mzima utapata mzee mfupi.

Vipimo vingine vya kuanzia ni hivi. Kutoka mwanzo wa nywele hadi nyusi, kutoka nyusi hadi chini ya pua, na kutoka chini ya pua hadi kidevu, ni sehemu tatu zinazokaribiana. Upana wa kichwa usawa wa macho ni kama macho matano yaliyopangwa mstari mmoja, na nafasi kati ya macho mawili ni kama jicho moja. Sikio hukaa kati ya usawa wa nyusi na usawa wa chini ya pua. Mpasuo wa mdomo uko karibu na theluthi ya kwanza ukishuka kutoka puani kwenda kidevuni. Na kichwa kikitazamwa kwa ubavu, kina chake kutoka usoni hadi kisogoni kinakaribia urefu wake. Kisogo ni sehemu ya pili inayoibwa na wachoraji wapya baada ya utosi.

Usivigeuze vipimo hivi kuwa sheria. Hakuna mtu anayefanana navyo sawasawa, na kule anakoachana navyo ndiko kunakomfanya awe yeye. Dada yangu ana nafasi ndefu kati ya pua na mdomo, na mpaka nilipothubutu kuirefusha, hakuna aliyemtambua.

Hatua ya 4: Pima, usikisie

Nyosha mkono wote, kiwiko kikiwa kimekaza, fumba jicho moja, na simamisha penseli mbele ya sura. Ncha ya penseli iguse mstari wa macho, kidole gumba kishuke hadi kidevuni. Hicho ni kipimo chako cha kwanza. Sasa uliza: kinaingia mara ngapi kutoka utosini hadi kidevuni? Mara ngapi katika upana wa uso? Penseli haikupi sentimita, inakupa uwiano, na ni uwiano unaouhamishia kwenye karatasi. Ukikunja kiwiko katikati ya kazi, vipimo vyote vimekufa, anza upya.

Baada ya urefu, pima mshazari. Ilaze penseli ifuate mstari unaopita kwenye kona za nje za macho, kisha ishushe hadi kwenye kona za mdomo bila kuibadilisha mlalo. Kichwa kikiinama upande, mistari yote hii huinama pamoja. Macho yakiinama na mdomo ukabaki umelala, sura inavunjika katikati, na kila mtu atakuambia "kuna kitu" asijue ni nini. Mwisho, teremsha mstari wima kutoka kona ya ndani ya jicho uone unaangukia wapi kwenye bawa la pua, na mwingine kutoka katikati ya mboni uone unakutana wapi na kona ya mdomo. Uzi wenye kijiwe mwishoni unatosha kwa kazi hii.

Angalia pia nafasi tupu: ile pembetatu kati ya shingo na bega, ule mwanya kati ya nywele na shavu. Ubongo hauna jina la umbo la mwanya, kwa hiyo hauna cha kukudanganya. Ukiupata mwanya sawa, shavu limejichora lenyewe.

Hatua ya 5: Vivuli kabla ya kope

Finya macho hadi sura iwe ukungu. Utaona sehemu mbili tu: zilizo kwenye mwanga na zilizo kwenye kivuli. Chora mpaka kati ya hizo mbili, kisha jaza upande wa kivuli kwa rangi moja tulivu, usibembeleze. Ukirudi nyuma hatua tatu, tayari anaanza kufanana na mwenyewe, ilhali hana hata jicho. Kama bado hafanani, kope hazitamwokoa.

Ndipo uendelee: mwanga, nusu mwanga, kivuli chenyewe, mwanga mdogo unaorudi kutoka kwenye nguo au ukuta, na kivuli kinachoangushwa na pua au kidevu. Huo mwanga unaorudi ndio mtego. Kwa sababu umezungukwa na weusi, unaonekana mkali kuliko ulivyo, na mchoraji huupa weupe ambao ni haki ya upande wa mwanga. Kanuni ni hii: kilichong'aa zaidi ndani ya kivuli bado ni cheusi kuliko kilichofifia zaidi ndani ya mwanga.

Ngozi nyeusi haichorwi kwa kupaka uso mzima penseli halafu kutafuta sura ndani yake. Weka kwanza rangi ya kati, nyepesi kuliko unavyodhani, kisha ulinde sehemu zinazong'aa: paji, mfupa wa shavu, mgongo wa pua, mdomo wa chini. Kwenye ngozi nyeusi mng'ao huo hutofautiana sana na sehemu zinazouzunguka, na ndio unaobeba umbo. Weusi kabisa utunze kwa mboni, tundu za pua na mpasuo wa mdomo. Ukiutumia mapema, huna pa kwenda.

Usisugue kwa kidole. Mafuta ya kidole hubaki karatasini na kugeuka madoa usiyoweza kufuta.

Hatua ya 6: Sura yenyewe

Jicho ni mpira uliofunikwa na vigubiko viwili vyenye unene. Weupe wake si mweupe. Ni kijivu, na huzidi weusi chini ya kigubiko cha juu kwa sababu kinaupigia kivuli. Ukiuacha kama karatasi, macho yatatoka nje kama taa. Mtu akiwa ametulia, kigubiko cha juu hufunika sehemu ya juu ya duara la rangi ya jicho. Ukionyesha duara zima, umemshtua. Kope zije mwisho, kwa mafungu, wala zisihesabiwe.

Pua haina mstari ubavuni, ina mgeuko tu wa mwanga. Chora kivuli cha chini ya pua na bawa lake, mengine yaache. Mdomo nao hauzungushiwi mstari. Kilicho wazi kabisa ni mpasuo katikati. Mdomo wa juu mara nyingi ni mweusi zaidi kwa kuwa umeinamia chini, na wa chini hupokea mwanga na kuangusha kivuli kidogo juu ya kidevu. Meno yakionekana, chora umbo la weupe wote pamoja. Mstari kati ya jino na jino hugeuza tabasamu kuwa uzio.

Nywele ni umbo kabla ya kuwa nyuzi. Zipe upande wa mwanga na upande wa kivuli kama ulivyofanya kwa fuvu, kisha shughulika na ukingo wake pale zinapokutana na paji. Hapo pawe laini. Mstari mkali pale hufanya nywele zionekane kofia.

Hatua ya 7: Jikosoe kabla hujakosolewa

Nyani haoni kundule, lakini anaweza kutafuta kioo. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji katika maandishi yake wawe na kioo karibu na waitazame kazi yao ndani yake, kwa kuwa ikigeuka inaonekana kama ya mkono wa mtu mwingine. Simu inafanya kazi hiyohiyo: piga picha ya mchoro, igeuze kushoto kwenda kulia. Jicho lililopanda na taya iliyokwenda upande vitakurukia usoni.

Kuipindua picha juu chini ni dawa nyingine, lakini ina mipaka yake. Inasaidia unaponakili maumbo na unapopima vivuli, kwa sababu unaacha kuona "pua" na kuanza kuona vipande. Kwa kuhukumu hisia za sura, haifai. Mwaka 1980 mtafiti Peter Thompson alichukua picha ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, akayapindua juu chini macho na mdomo pekee, kisha akaionyesha picha nzima ikiwa juu chini. Ilionekana ya kawaida kabisa. Ilipogeuzwa wima ilitisha. Kwa hiyo hisia ihukumu picha ikiwa wima.

Kisha iache picha ilale hadi kesho. Dakika tano za asubuhi zimeniokoa kuliko saa nzima ya usiku.

Hatua ya 8: Waonyeshe, na uulize vizuri

Mficha uchi hazai. Lakini kuna namna ya kuonyesha inayoleta maoni ya maana, na nyingine inayoleta "hongera" tupu.

Onyesha mapema. Picha ikiwa bado kwenye hatua ya yai na mistari, mwenzako akisema kichwa ni chembamba unafuta mistari sita. Ukisubiri hadi kope zimalizike, utamchukia yeye na maoni yake. Mimi huonyesha mara mbili: baada ya vipimo na baada ya vivuli vikubwa.

Onyesha pamoja na chanzo. Bila picha uliyoichora, mwenzako analinganisha na uso ulio kichwani mwake, si ule uliokuwa mbele yako. Kama unatuma kwa simu, piga picha ya mchoro ukiwa umeusimamisha, mchana, bila mmulimuli, simu ikiwa sambamba na karatasi. Simu iliyoinama huharibu vipimo, nawe utakosolewa kwa makosa ya kamera.

Uliza jambo moja. "Mnaionaje?" huleta "nzuri sana". "Upande wa mbali wa uso unarudi nyuma, au umebaki mbele?" huleta jibu. Sema pia ulitumia muda gani, maana mchoro wa dakika ishirini haukosolewi kama wa siku tatu. Na usianze kwa kujitetea. Ukisema "najua pua ni mbaya", wote wataitazama pua na hakuna atakayeona kwamba shingo haipo.

Tafuta watu wa aina tatu: anayekuzidi, mnayelingana naye, na asiyechora kabisa. Huyu wa mwisho usimuulize habari za vivuli. Muulize maswali mawili tu: ni nani huyu, na anajisikiaje? Majibu yake ni ya thamani kwa sababu hajui kukuhurumia kitaalamu.

Hatua ya 9: Nyamaza, andika

Wakati wenzako wanasema, usieleze. Kila maelezo ("kulikuwa na giza", "alisogea") yanafunga mdomo wa mtu wa pili aliyekuwa na jambo la kusema. Andika maneno yao kama yalivyo, hata yanayokuudhi, hasa hayo. Kisha shukuru, ondoka, na usiguse mchoro siku hiyo.

Hatua ya 10: Tafuta ugonjwa nyuma ya maumivu

Sasa yachukue maneno uliyoandika uyapange katika mafungu matatu: ya vipimo, ya mwanga na kivuli, na ya ladha. Ya ladha ("ningependa mistari mikali zaidi") yasikilize kwa adabu, uamue mwenyewe. Ya vipimo hayana mjadala; yanapimika. Watu wawili wakitofautiana kama pua ni ndefu, penseli ndiyo hakimu. Na watu watatu wakiashiria mahali pamoja kwa sababu tatu tofauti, amini mahali, zitilie shaka sababu.

Haya ni baadhi ya maumivu niliyoyasikia mara nyingi, na pale nilipokuja kuukuta ugonjwa.

"Macho hayajakaa sawa." Kabla hujayagusa, pima utosi. Kisha linganisha mshazari wa macho na wa mdomo. Mara nyingi ni moja kati ya hayo mawili, na macho yenyewe hayana hatia.

"Umemzeesha." Mikunjo kutoka puani hadi kwenye kona za mdomo imechorwa kama mistari. Ile ni migeuko ya nyama. Ilainishe upande mmoja, uiache ife njiani. Vivuli chini ya macho navyo hufanya hivyohivyo.

"Anaonekana na hasira," au "ameshtuka." Anza na nyusi, hasa ncha za ndani. Milimita moja hubadilisha tabia ya mtu. Kisha angalia duara la jicho kama nilivyosema juu.

"Uso umelala kama sahani." Ama vivuli vimeogopwa, ama mstari wa nje una uzito mmoja kuanzia sikio hadi sikio. Upande wa mwanga mstari ufifie hata upotee, upande wa kivuli uzame.

"Kichwa kinaelea." Shingo imechorwa kama bomba lililosimama. Shingo huinuka kutoka mabegani ikielekea mbele, na nyuma huanza juu zaidi kuliko mbele.

"Siyo yeye, ila sijui kwa nini." Hili ndilo gumu, na ndilo muhimu. Viungo vyote ni sahihi, umbali kati yao siyo. Pima kati ya jicho na unyusi, kati ya pua na mdomo wa juu, kati ya mdomo na kidevu. Kama ulichora kutoka kwenye picha, ifanye iwe na ukubwa sawa na mchoro wako, weka karatasi inayopitisha mwanga juu yake, nakili nukta chache tu (kona za macho, mabawa ya pua, kona za mdomo, kidevu), kisha iweke juu ya mchoro. Nukta zitakuonyesha kilichohama. Usifanye hivi kabla ya kumaliza, maana hapo unanakili, hujifunzi kuona.

Hatua ya 11: Chora upya, usiweke viraka

Kasoro ndogo irekebishe palepale. Kasoro ya mifupa ichoree karatasi mpya. Inauma, najua, hasa kama jicho la kushoto lilitoka vizuri. Lakini jicho zuri mahali pasipo pake ni kosa zuri tu, na mara ya pili utalichora kwa nusu ya muda.

Weka daftari la makosa. Andika tarehe, nani uliyemchora, wenzako walisema nini, na wewe ulikuta nini. Baada ya michoro kumi soma tangu mwanzo. Langu lilinionyesha kwamba kila ninapochora uso uliogeuka kidogo, jicho la mbali nalifanya kubwa kama la karibu. Sikuwahi kulijua hilo kwa mchoro mmoja mmoja. Sasa napima jicho hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 12: Nawe kosoa

Kukosoa kazi ya mwingine kunafundisha jicho lako kuliko kukosolewa, kwa kuwa huna kidonda pale. Sema kwanza unachoona, ndipo useme dawa: "sikio limekaa juu ya nyusi" ni bora kuliko "shusha sikio", kwa sababu la kwanza analipima mwenyewe. Taja jambo moja kubwa, mawili yakizidi. Ukimpa kumi atarekebisha yale mepesi. Sema pia lililo zuri, na uliseme kwa jina, ili asije akalifuta. Na usichore juu ya kazi ya mtu bila ruhusa. Yule mzee wetu aliweka kidole tu.

Zoezi ninalolipenda ni la kubadilishana sura. Mwaka 1888 wachoraji Paul Gauguin na Émile Bernard walimtumia van Gogh kila mmoja picha aliyojichora mwenyewe, na nyuma ya kila sura ukutani ikawemo sura ya mwenzake. Van Gogh naye akampelekea Gauguin picha aliyojichora. Fanyeni hivyo wawili au watatu: kila mmoja ajichore na amchore mwenzake, kisha mlinganishe. Utaona jinsi mwenzako anavyoliona taya lako, na pengine utagundua kwamba ulikuwa unajipunguzia.

Picha ya dada yangu niliichora tena mara ya tano, safari hii nikianzia utosini. Yule mzee aliitazama akanyamaza, nikajua imepona. Nikampelekea dada mwenyewe. Aliishika muda mrefu, akacheka, kisha akauliza, "Hivi siku ile nilikuwa nimekukasirikia?" Nikarudi nayo mezani, nikapima nyusi.